Kuzungusha bayoti kuwa kiwiliwili cha nzi bandia: mwongozo kwa wafungaji wa Nyanda za Juu Kusini

Ukigeuza jiwe katika kijito cha baridi kule Mufindi, au katika mto mmojawapo unaoteremka kutoka safu ya milima ya Poroto, aghalabu utakuta chini yake wadudu wachanga wa majini waliojibana kwenye jiwe, wenye nyuzi mbili au tatu za mkia na tumbo lililogawanyika pingili kwa pingili kama muwa mwembamba. Trauti, samaki asiye wa asili ya Afrika ambaye aliletwa katika mito yetu ya nyanda za juu wakati wa utawala wa Waingereza, huwala wadudu hao kwa hamu, na mvuvi anayetumia nzi bandia, yaani ndoano iliyofungwa nyuzi na manyoya ili ifanane na mdudu, badala ya chambo hai hana budi kuziiga pingili hizo kadiri awezavyo. Wapo wanaoziiga kwa waya, wapo wanaoziiga kwa nyuzi za rangi mbili, na njia zote hizo ni halali. Lakini kwa miaka mingi ya kufunga nzi kwenye meza ya jikoni hapa Uyole, sijaona kitu kinachotoa pingili safi, zenye ukingo na kivuli chake, kama bayoti iliyozungushwa vizuri.

Mwongozo huu unahusu jambo hilo moja: namna ya kuiandaa bayoti na kuizungusha juu ya shina la ndoano mpaka iwe kiwiliwili. Mkia, mabawa na manyoya ya shingoni nitayagusa pale tu yanapoharibu au kusaidia kiwiliwili.

Bayoti ni nini

Chukua unyoya mrefu wa kurukia, ule wa karibu na ncha ya bawa la bata bukini au bata mzinga, uutazame kwa makini. Uti wa unyoya hauko katikati. Upande mmoja ni mpana na mlaini, na upande wa pili ni mwembamba na mgumu, kwa sababu ndio unaokata upepo ndege anapopiga bawa. Nyuzi fupi na ngumu za upande huo mwembamba ndizo zinazoitwa bayoti. Kila moja ina umbo la upanga mdogo: ni pana na nene pale inaposhikana na uti, kisha inapungua taratibu mpaka ncha.

Sasa chomoa moja, uishike mbele ya mwanga wa dirisha. Utaona kwamba kingo zake mbili hazifanani. Ukingo mmoja ni mnene na msafi. Wa pili ni mwembamba na umeota vinyweleo vifupi, ambavyo kwa ndege husaidia kuishikiza bayoti na jirani yake ili upepo usipenye. Nakusihi usiendelee kusoma kabla hujaviona vinyweleo hivyo kwa macho yako mwenyewe, kwa kuwa sehemu kubwa ya ufundi huu, na karibu makosa yote ya anayeanza, yamo katika kujua ukingo huo umeelekea wapi.

Kupata manyoya hapa kwetu

Manyoya yaliyokwisha kupakwa rangi huuzwa ng'ambo yakiwa yamepangwa kwenye pakiti, lakini mfungaji wa Mbeya au Iringa hana sababu ya kuyangojea. Bata mzinga wanafugwa katika baadhi ya kaya, na bata bukini wapo pia. Zungumza na mfugaji kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, wakati ndege wengi wanapochinjwa, umwombe akuwekee mabawa mazima. Ni muhimu uombe mabawa yote mawili, la kushoto na la kulia, kwa sababu bayoti za bawa moja ni kinyume cha zile za bawa la pili, na siku moja utazihitaji zote. Manyoya yanayodondoka yenyewe ndege anapobadilisha manyoya yanafaa pia, ikiwa upande ule mwembamba haujakatika wala kuliwa na wadudu.

Usichukue manyoya ya ndege aliyekufa kwa ugonjwa, hasa pale mdondo unapopita kijijini, maana utaubeba kutoka banda moja hadi jingine. Wala usiokote manyoya ya ndege wa porini. Kitulo na misitu ya Rungwe ina ndege wazuri sana, na manyoya yao yanatamanisha, lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inazitambua sehemu za wanyamapori kuwa nyara, na hakuna nzi bandia anayestahili kukuingiza katika kesi hiyo. Bata mzinga mmoja wa kufugwa anakupa bayoti za kufungia nzi wa misimu kadhaa.

Osha manyoya kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida ya unga, kwa kupapasa kutoka kwenye shina kwenda kwenye ncha, kamwe si kinyume chake. Yasuuze mpaka povu liishe, uyaanike kivulini. Yakikauka, yafunge kwenye mfuko wa nailoni na uyaweke kwenye friza kwa siku kadhaa ili kuua mayai ya wadudu walao manyoya. Asiye na friza ayahifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana pamoja na dawa ya nondo.

Kuhusu rangi, nianze na ile ambayo nyanda zetu zinaitoa bila gharama, nayo ni majani ya chai. Chai ya Mufindi au ya Rungwe, ikichemshwa ikawa nzito sana kisha ikachujwa na kuachwa ipoe mpaka mkono uweze kuistahimili kwa shida, hutia unyoya mweupe rangi ya mchanga, na ukiuacha kwa muda mrefu zaidi huwa hudhurungi inayofanana kabisa na wadudu wa kwenye mawe yetu. Kwa rangi nyingine tumia rangi ya chakula pamoja na siki, kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita ya maji, kwa kuwa unyoya ni protini na rangi hizo hushika vizuri zaidi penye asidi na joto. Jambo la kuzingatia ni kwamba maji yasichemke wakati unyoya umo ndani yake. Unyoya uliochemshwa hupoteza unyumbufu wake, na bayoti zake zitapasuka mikononi mwako hata uziloweke namna gani.

Bukini au mzinga

Uchaguzi huu ni wa urefu. Namba za ndoano zinakwenda kinyume na ukubwa, yaani ndoano namba 12 ni kubwa kuliko namba 16, na kadiri ndoano inavyokuwa kubwa ndivyo kiwiliwili kinavyohitaji bayoti ndefu. Hesabu yake ni rahisi. Kiwiliwili chenye unene wa milimita 1 kina mzingo wa milimita 3 na kidogo, kwa hiyo kila mzunguko hula kiasi hicho cha bayoti. Mizunguko saba itakula takriban milimita 22. Ongeza milimita 2 au 3 za kufungia ncha, na milimita 5 za kushikwa na koleo, utaona kwamba huwezi kuanza na bayoti iliyo chini ya sentimita 3.

Bayoti nyingi za bata bukini huishia karibu na urefu huo, ndiyo maana zinafaa kwa ndoano namba 16 na ndogo zaidi, ilhali za bata mzinga ni ndefu na pana zaidi, nazo hutosha namba 14 na 12. Kwa anayeanza nashauri bata mzinga na ndoano namba 14, kwa sababu nafasi ni kubwa na jicho linaona kila kinachotokea. Katika unyoya wenyewe, acha bayoti za kwenye ncha kabisa, ambazo ni fupi na ngumu mno, na zile za karibu na shina, ambazo ni teketeke; chukua za katikati.

Vifaa vya mezani

Unahitaji jiliwa dogo la kushikia ndoano, mkasi mdogo wenye ncha kali, kishikio cha kibiringo cha uzi, sindano, na koleo dogo la springi la kushikia unyoya. Mafundi wengi wa Mwanjelwa watakuelewa haraka zaidi ukiliita jiliwa vaisi, na fundi chuma mwenye subira anaweza kukutengenezea moja la kutosha. Uzi uwe mwembamba kuliko wote unaoweza kuupata, kwa kuwa uzi wa kawaida wa cherehani hujaza vinundu chini ya bayoti. Waya mwembamba wa shaba, ukiuhitaji, upo kwenye koili za vyombo vibovu kwa fundi redio yeyote. Ongeza chupa ndogo ya supagluu, vanishi au rangi ya kucha isiyo na rangi, kisahani cha maji, na kipande cha kitambaa cha pamba.

Kuloweka

Bayoti kavu ni kama jani la mgomba lililokauka: linakunjika mara moja, kisha linapasuka kufuata mishipa yake. Kwa hiyo kabla ya kuiweka ndoano kwenye jiliwa, chomoa bayoti unazotarajia kuzitumia na uziweke kwenye kisahani cha maji. Zile ambazo hazijatiwa rangi hulainika kwa dakika 10 hivi. Zilizotiwa rangi hukaa nusu saa, na ikiwa ni za zamani ziache usiku kucha ndani ya kitambaa kibichi. Katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati hewa ya huku ni baridi na kavu mno, mimi huzitoa kwenye maji moja moja, na sitoi ya pili kabla sijamaliza ya kwanza, kwa sababu dakika chache tu mezani zinatosha kuirudisha katika ugumu wake.

Namna ya kuichomoa nayo ina umuhimu. Ishike bayoti moja karibu kabisa na uti, uivute kuelekea chini, kwenye shina la unyoya, ili itoke na kisigino chake kizima. Usiikate kwa mkasi. Kisigino hicho ndicho sehemu pana na imara ambayo koleo litashika, na bila hicho unapoteza milimita ambazo tumekwisha kuona kwamba huna za kupoteza.

Msingi wa uzi

Bayoti ni nyembamba kiasi kwamba haifichi kitu. Kila kinundu cha uzi, kila ngazi iliyoachwa na manyoya ya mkia yaliyokatwa vibaya, kitaonekana juu yake kama jiwe chini ya mkeka. Kwa sababu hiyo msingi unastahili muda mrefu kuliko bayoti yenyewe, na mfungaji anayeuharakisha hawezi kuurekebisha baadaye.

Funga ndoano kwenye jiliwa shina likiwa sawasawa. Anza uzi nyuma ya tundu la ndoano, lile la kufungia mshipi, ukiacha nafasi ya milimita 2, na uulaze mzunguko ukigusana na mzunguko mpaka pale mpindo wa ndoano unapoanza. Uzi ukiwa umejisokota unakuwa wa mviringo na kupanda juu ya mwenzake, basi kila baada ya mizunguko kadhaa kiache kishikio kining'inie, ukizungushe kwa vidole kinyume cha mwendo wa saa mpaka uzi ulegee na kuwa bapa kama utepe. Maelezo haya ni kwa anayefunga kwa mkono wa kulia, akiupitisha uzi juu ya ndoano na kuupeleka upande wa mbali naye. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze.

Ukiweka mkia, usizikate nyuzi zake pale mpindoni. Zilaze juu ya shina zikienda mbele kwa urefu wote wa kiwiliwili, uzifunike kwa uzi, kisha uzikate karibu na mahali kiwiliwili kitakapoishia. Hapo ngazi haitatokea. Mwisho, ongeza tabaka za uzi upande wa mbele ili msingi uwe mwembamba mpindoni na unenepe taratibu ukielekea kwenye tundu, kama karoti ndogo. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama mahali, fungua urudie, kwa kuwa jicho la samaki halijali sana lakini bayoti inajali: penye mteremko mkali itateleza na kuacha pengo.

Ukingo wenye vinyweleo

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, nami nitapaeleza kwa urefu kwa sababu maelekezo mengi hupita haraka, yakimwambia msomaji aelekeze kisigino juu au chini bila kumpa sababu, naye akibadilisha bawa au akifunga upande mwingine wa shina maelekezo yanamwacha njiani.

Fikiria namna bati linavyopangwa juu ya paa. Kila bati la juu hulalia sehemu ya bati la chini yake, na ukingo unaoonekana ni ule wa bati linalolalia, si wa lile lililolaliwa. Bayoti inayozungushwa kutoka mpindoni kwenda kwenye tundu hufanya vivyo hivyo: kila mzunguko mpya huulalia kidogo mzunguko uliotangulia, kwa hiyo ukingo wake wa nyuma, ulio upande wa mpindo, hukaa juu na kuonekana, ilhali ukingo wake wa mbele hufunikwa na mzunguko unaofuata. Ukishaelewa hivyo, hakuna haja ya kukariri kanuni yoyote kuhusu kisigino. Ukingo wenye vinyweleo ukiwa nyuma, vinyweleo hubaki nje na kusimama, nawe unapata kiwiliwili chenye matuta na ukungu mwembamba kwenye kila pingili. Ukingo wenye vinyweleo ukiwa mbele, vinyweleo hufunikwa, nawe unapata kiwiliwili laini chenye mistari myembamba tu ya kugawa pingili.

Vyote viwili ni sahihi, ila vina matumizi tofauti. Wadudu wachanga wanaoishi chini ya mawe wana matamvua yanayocheza ubavuni mwa tumbo, na vinyweleo vilivyosimama huyaiga vizuri ajabu mara nzi anapolowa. Kwa hiyo kwa nzi wa kuzama nachagua matuta. Mdudu aliyekwisha kupata mabawa na kupanda juu ya maji ana tumbo safi linalong'aa, basi kwa nzi wa kuelea nachagua kiwiliwili laini. Nimewahi kuchanganya kwa makusudi na samaki wakala, lakini huo ndio mgawanyo ninaourudia kila msimu.

Ili kuhakikisha, ishike bayoti kwa ncha yake juu ya mpindo, kisigino kikiwa kimeelekea kwako, na uizungushe nusu mzunguko kwa mkono kabla hujaifunga. Tazama ukingo upi umeangukia nyuma. Ikiwa si ule unaoutaka, igeuze bayoti upande wake wa pili; na ikiwa kwa kuigeuza unaona upande wake uliobonyea umekuwa nje na unakataa kulala, chukua bayoti ya bawa jingine. Ndiyo maana nilisema uombe mabawa yote mawili.

Kufunga ncha

Toa bayoti kwenye maji, uifute kwa kitambaa ili isichuruzike, na uikate ncha kabisa kiasi cha milimita 1, kwa kuwa sehemu hiyo ni dhaifu na hukatika inapovutwa. Iweke pale mpindo unapoanza, kwenye ubavu wa shina ulio upande wako, ncha ikielekea mbele na kisigino kikining'inia nyuma na chini kidogo. Ifunge kwa mizunguko minne iliyobana, yote ikigusana, bila kurundikana mahali pamoja. Mzunguko wa mwisho wa uzi ukae mahali hasa ambapo kiwiliwili kinaanzia, maana uzi ukibaki nyuma utaonekana kama shanga kwenye mzizi wa mkia.

Tunaanza na ncha wala si na kisigino kwa sababu bayoti hupanuka inapoelekea kisigino. Pingili za nyuma zitakuwa nyembamba na za mbele zitakuwa pana, kama zilivyo kwa mdudu mwenyewe, na kiwiliwili kitanenepa bila wewe kuongeza kitu.

Sasa upeleke uzi mbele kwa mizunguko bapa mpaka pale kiwiliwili kitakapoishia, uuache ukining'inia.

Gundi

Kiwiliwili cha bayoti kina udhaifu mmoja, nao ni meno ya trauti. Samaki mmoja anaweza kuikata bayoti, na ikikatika mahali pamoja yote hufunguka. Paka basi tone dogo la supagluu juu ya msingi wa uzi, ulisambaze kwa sindano mpaka libaki utando tu, kisha uzungushe bayoti gundi ikiwa bado mbichi. Gundi hii huganda kwa msaada wa unyevu, kwa hiyo bayoti inayochuruzika maji itaifanya igande kabla hujafika katikati. Hii ndiyo sababu ya kuifuta kwanza. Fungua dirisha, na usiiguse kwa vidole. Anayeona mwendo huo ni wa haraka mno atumie vanishi, ambayo humpa dakika kadhaa, ingawa haishiki kwa nguvu ileile.

Njia ya pili, ambayo naipenda kwa nzi wa kuzama, ni kufunga waya wa shaba mpindoni kabla ya bayoti, na baada ya kumaliza kuuzungusha juu ya bayoti kwa mwelekeo uliopingana nayo, mizunguko minne au mitano iliyoachana. Waya unaopingana huikatiza bayoti kila mzunguko, na hata ikikatika mahali pamoja haiwezi kufunguka.

Kuzungusha

Kamata kisigino kwa koleo, mdomo wa koleo ukiwa sawasawa na upana wa bayoti, si kwa kona. Ukiishika kwa kona, upande mmoja utavutwa kuliko mwingine, na bayoti itajipinda yenyewe kuwa kamba.

Zungusha kwa mwelekeo uleule wa uzi. Mzunguko wa kwanza ndio mgumu, kwa sababu bayoti inatoka kwenye kulala kando ya shina na kuingia kwenye kusimama kulikata. Uache ukae mahali pake bila kulazimishwa, ukivuta kwa nguvu ndogo tu, kiasi cha kunyoosha unyoya bila kupinda ndoano. Tazama ukingo wa nyuma. Ukiwa ni ule uliouchagua, endelea. Usipokuwa ndio, rudi mara moja, kwa kuwa hakuna kitu kitakachoubadilisha huko mbele.

Kuanzia mzunguko wa pili, koleo likae pembe mraba na shina, likiegemea mbele kidogo sana. Kila mzunguko ulalie uliotangulia kwa sehemu ndogo, takriban robo ya upana wake. Ukilalia kidogo kuliko hapo, msingi wa uzi utachungulia; ukilalia zaidi, pingili zitabanana na kiwiliwili kitafanana na skrubu. Mkono unaobadilishana na mwingine chini ya ndoano usilegeze, maana hapo ndipo mizunguko iliyokwisha kulala hurudi nyuma. Ukilazimika kusimama, acha koleo lining'inie kwa uzito wake. Kwa bayoti iliyoloweka vizuri uzito huo unatosha kuishikilia.

Kwa ndoano namba 14 nahesabu mizunguko sita au saba, lakini hesabu yako itategemea upana wa bayoti. La muhimu ni kwamba ukishapata idadi inayokupendeza, uirudie kwa nzi wote wa aina hiyo, wafanane.

Kufunga kisigino na kumaliza

Fika pale uzi unapongoja. Inua uzi, uupitishe juu ya bayoti mara tatu kwa kubana, kisha mara moja mbele yake, ndipo uachie koleo. Kisigino ni kinene, hivyo usijaribu kukikata chote kwa mara moja: kivute juu, kata karibu na uzi kwa ncha za mkasi, kisha funika kinachobaki kwa mizunguko michache. Uvimbe mdogo unaobaki hapo hauna madhara, kwa kuwa utafunikwa na kifua cha nzi, na kwa hakika humsaidia nzi kuwa na mabega.

Ziba kwa vanishi tu bayoti ikiwa imekauka kabisa. Vanishi iliyopakwa juu ya unyoya mbichi hupauka na kuwa na ukungu mweupe, na rangi ya chai uliyoihangaikia itapotea chini yake. Mimi huwaacha nzi usiku kucha wakiwa wamechomekwa kwenye kipande cha sponji, na asubuhi napaka utando mmoja mwembamba kwenye viwiliwili vilivyo laini. Vyenye matuta sipaki, kwa sababu vanishi huvilaza vinyweleo.

Inapokwenda vibaya

Bayoti ikipasuka kwa urefu katikati ya kazi, sababu ni mojawapo kati ya tatu: haikuloweka vya kutosha, imevutwa kwa nguvu, au unyoya wenyewe ulichemshwa wakati wa kutiwa rangi. Jaribu ya pili kutoka unyoya uleule baada ya kuiloweka saa nzima. Ikipasuka tena, tupa unyoya huo. Ikikatika pale ilipofungwa ncha, ama hukuikata ncha ile dhaifu ama uzi umeibana mpaka ukaikata. Legeza mzunguko wa mwisho. Pengo likitokea katikati ya kiwiliwili, usijaribu kulijaza kwa kurudisha mzunguko mmoja tu, kwa maana mizunguko yote ya mbele imekwisha kuchukua pembe isiyo sahihi. Fungua mpaka mwanzo wa pengo ukiwa hujatia gundi. Ukiwa umekwisha kuitia, kata na uanze upya.

Tatizo linalowasumbua wengi ni matuta kutokea upande mmoja na kupotea upande wa pili wa kiwiliwili. Hilo linatokana na bayoti kujigeuza kidogo kila inapopita chini ya ndoano, mahali ambapo hatuoni. Dawa yake ni kuinama, au kuweka kioo kidogo chini ya jiliwa, na kuitazama inapopita huko kwa nzi wawili watatu wa kwanza, mpaka mkono uzoee kulishika koleo bila kuisokota bayoti.

Kabla ya kumweka nzi kwenye kisanduku, mtumbukize kwenye glasi ya maji safi na umtazame kutoka ubavuni. Kiwiliwili kikavu hudanganya; kikilowa ndipo pingili zinajitokeza, rangi inakolea, na pengo ambalo hukuliona linaonekana wazi. Mfute, mwache akauke hewani, kisha umhifadhi peke yake kwa aina yake, wa matuta mbali na wale laini. Utakapokwenda mtoni baada ya mvua za masika kuisha na maji kusafika, ukiwa na kibali cha uvuvi cha eneo husika, na pale ndani ya mipaka ya hifadhi ukiwa na ruhusa ya wenye hifadhi, geuza jiwe moja kwanza, umweke mdudu kwenye kiganja kando ya nzi wako, na uhesabu pingili za kila mmoja.